Presha inayokataa dawa: namna ya kufuatilia mshipa wa figo uliobana

Mdogo wangu ni msusi. Anasuka kutwa nzima amesimama, mikono juu. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akilalamika kwamba mkono wa kushoto unachoka mapema: anaushusha, anaukung'uta, anaendelea na kichwa cha mteja. Na kila asubuhi kisogo kilikuwa kinamgonga. Mimi ni muuguzi. Nilimpima presha nyumbani si chini ya mara tatu, na mara zote nilimfunga mashine mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia alikuwa ameshika simu. 116/72. 120/70. Nikamwambia apunguze kazi, anywe maji, alale mapema.

Siku alipoanguka saluni, kijana wa duka la dawa la jirani alimfunga mkono wa kulia. Mashine ikasoma 198/116.

Alikuwa na miaka 26. Tulizunguka miezi minne, hospitali tatu, hadi kujua kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye figo zake imebana, na wa kulia umebaki mwembamba kama uzi. Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye pale tulipokuwa sisi mwezi wa kwanza: presha iko juu, dawa zinaongezwa kila kliniki, na hakuna anayesema imetoka wapi. Nimepanga kwa hatua, na tafadhali zifuate kwa mpangilio huo. Ukikimbilia kipimo cha gharama kabla ya zile za mwanzo, unaweza kuuza mbuzi wako kwa sababu ya mashine iliyofungwa vibaya.

Na usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa sababu ya maneno yangu. Yapeleke kliniki, uyaulize.

Kwanza, figo inavyodanganyika

Wengi tunajua kwamba presha inaharibu figo. Wachache wameambiwa kwamba figo nayo inaweza kuipandisha presha, tena kwa nguvu. Figo mbili kwa pamoja hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani kama lita moja kila dakika. Damu hiyo hupita kwenye mshipa mmoja mkubwa kila upande, unaochepuka kutoka aota, ule mshipa mkuu unaoshuka tumboni.

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Mtu akiukanyaga katikati, maji yanayofika mwisho ni kidogo hata kama tangi limejaa hadi juu. Aliyeshika ncha ya mpira hauoni mguu uliokanyaga. Anaona maji hayatoshi, anapiga kelele pampu iongezwe. Figo inafanya hivyo hivyo, na kelele yake ni kimeng'enya kinachoitwa renini. Renini ikimwagika kwenye damu huanzisha msururu: inatengenezwa angiotensini, ambayo inakaza mishipa mwili mzima, kisha tezi zilizokaa juu ya figo zinatoa homoni ya aldosteroni, ambayo inauamuru mwili ubakize chumvi na maji na kuitupa potasiamu kwenye mkojo. Presha inapanda. Figo iliyobanwa inapata nafuu kidogo, na gharama yake inalipwa na moyo, ubongo, macho na figo ya pili.

Haya yamejulikana zamani. Renini iligunduliwa mwaka 1898 mjini Stockholm na Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman, kwenye figo za sungura. Mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, aliibana mishipa ya figo za mbwa kwa kibanio kidogo cha fedha, na presha yao ikapanda ikakaa huko juu. Nikimweleza mgonjwa habari ya kile kibanio, mara nyingi anaelewa kuliko nikimchorea.

Kinachobana mshipa hakifanani kwa kila mtu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua matibabu. Kwa walio wengi, hasa wazee, wavutaji sigara, wenye kisukari na wenye lehemu nyingi, ni mafuta na chokaa vilivyojenga ukutani mwa mshipa. Wengine, wengi wao wanawake wa makamo na vijana, wana displasia ya fibromaskula: ukuta wa mshipa umekua vibaya, na kwenye picha mshipa unaonekana kama shanga zilizotungwa. Kundi la tatu ni uvimbe wa kuta za aota na matawi yake, uitwao ugonjwa wa Takayasu kwa jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeueleza mwaka 1908. Huu huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Mdogo wangu alikuwa nao, na ndio uliokuwa umeubana pia mshipa wa mkono wa kushoto. Ndiyo maana mkono ule ulikuwa unachoka. Na ndiyo maana mashine yangu ilikuwa inasoma namba za mtu mzima wa afya.

Hatua ya 1: Pima mikono yote miwili, na upime sawasawa

Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, bila kukunja nne. Tulia dakika tano bila simu na bila maongezi. Kwa nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa au chai kali, wala kuvuta sigara. Mkono uwe wazi. Nimeona kitambaa cha mashine kikifungwa juu ya koti la jinzi, juu ya sweta, juu ya baibui na khanga, kisha namba hiyo inaandikwa kwenye kadi na mtu anaongezewa dawa. Mkono ulale mezani, usawa wa moyo. Mwenye mkono mnene atafutiwe kitambaa kipana, maana chembamba kinapandisha namba kwa uongo.

Siku ya kwanza pima mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha rudia yote. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10 kila unaporudia, iandike na umwonyeshe daktari. Ikitofautiana kwa 20 au zaidi, usingoje tarehe ya kliniki. Kuanzia hapo tumia mkono wenye namba kubwa, siku zote, kwa sababu huo ndio unaosema ukweli.

Halafu siku saba mfululizo: asubuhi kabla ya dawa mara mbili, jioni mara mbili, dakika moja katikati. Tumia daftari la kawaida la shule. Andika tarehe, saa, mkono, namba ya juu, namba ya chini, mapigo. Tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu unahesabika kuwa ni presha. Daktari aliyefunguliwa daftari la namna hiyo anaongea na wewe tofauti na aliyeambiwa "inapandapanda tu".

Ila kama namba ni 180/120 au zaidi na kuna kuchanganyikiwa, macho kutoona, udhaifu wa upande mmoja, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usiweke kidonge chini ya ulimi, na usimeze dozi mbili tatu ili ishuke haraka; presha ikiporomoka ghafla, ubongo unaweza kukosa damu.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyoipandisha kimyakimya

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ya presha kukataa dawa ni kwamba dawa haimezwi kila siku. Sisemi kwa kulaumu. Vidonge vinaisha katikati ya mwezi, au mtu amejisikia vizuri, au ameambiwa na jirani kwamba ukianza hutaacha. Kabla hujasema dawa imeshindwa, jiulize ni siku ngapi ulizikosa mwezi uliopita, na umwambie daktari jibu la kweli.

Kisha zikague dawa nyingine ulizo nazo nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wanameza kwa mgongo na magoti kama pipi, zinapandisha presha na kuziumiza figo. Wenye mshipa uliobana zinawaumiza zaidi. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, inapandisha. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinapandisha, na kadhalika dawa za mafua za kufungua pua. Dawa za mitishamba zisizojulikana zina nini ndani, weka pembeni hadi mambo yaeleweke.

Kwenye jiko, Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa kila kitu utakachokula. Watu wanaacha kuongeza chumvi mezani wakidhani wamemaliza, kumbe ng'onda, papa mkavu, dagaa wa chumvi na viungo vya mchuzi vya paketi vimeshazimaliza gramu zote. Na magadi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kliniki hatuliulizi: magadi ya kulainishia maharage, makande na mlenda ni sodiamu, ile ile inayopandisha presha kwenye chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha. Yanaiva.

Hatua ya 3: Angalia kama una alama za mshipa wa figo

Wenye presha wengi hawana tatizo hili. Lakini zipo alama zinazomtofautisha anayestahili kutafutiwa:

- presha iliyoanza kabla ya miaka 30, hasa kama nyumbani kwenu hakuna mwenye presha;
- presha kali iliyojitokeza ghafla baada ya miaka 55;
- presha iliyokuwa imetulia miaka mingi, kisha ikavurugika bila sababu;
- presha isiyoshuka kwa dawa tatu za dozi ya kutosha, mojawapo ikiwa ya kukojosha;
- potasiamu ya chini kwenye damu bila kuharisha wala kutumia dawa ya kukojosha;
- kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi) iliyoruka baada ya kuanza dawa fulani, nitakazozieleza chini;
- mapafu kujaa maji ghafla, mara kwa mara, huku moyo ukipimwa unasukuma vizuri;
- figo moja ndogo kuliko nyenzake kwa zaidi ya sentimita moja na nusu.

Kwa vijana ongeza: mkono unaochoka ukiinuliwa, mapigo yasiyopatikana kwenye kifundo cha mkono mmoja, homa na kupungua uzito kusikoeleweka.

Daktari aliyeligundua tatizo la mdogo wangu hakuanza na mashine. Alimshika vifundo vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja, vidole vitatu kila upande, akanyamaza. Akahamisha vidole vya kushoto kidogo, akanyamaza tena. "Dada, huku kuna mtu amekuambia mapigo hayapatikani?" Kisha akamlaza, akaweka stethoskopu juu ya kitovu, pembeni kidogo kulia, akasikiliza kwa muda mrefu. Akanipa na mimi masikio. Nilisikia mapigo ya kawaida, na nyuma yake mvumo, shhu, shhu, kama maji yanayopita kwenye bomba lililominywa. Miaka tisa ya uuguzi, na sikuwahi kulisikiliza tumbo la mgonjwa wa presha.

Mvumo huo usiposikika haina maana mshipa ni salama. Ukisikika, hasa kwa kijana, usipuuzwe. Una haki ya kumwomba daktari wako kwa upole: "Naomba unisikilize na tumboni."

Hatua ya 4: Vipimo vya bei ndogo

Hivi vinapatikana hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Kreatinini, inayoonyesha figo zinachuja vipi. Potasiamu na sodiamu. Sukari na lehemu. Mkojo, kuangalia protini na damu. ESR, kipimo cha damu ambacho hupanda kukiwa na uvimbe mwilini na ni muhimu kwa anayehisiwa Takayasu. Na ultrasaundi ya kawaida ya figo: omba urefu wa kila figo uandikwe kwa sentimita. Figo ya mtu mzima huwa kati ya sentimita 9 na 12 hivi. Ripoti inayosema tu "figo zote kawaida" haikupi cha kulinganisha mwakani.

Chukua nakala ya kila jibu na uitunze na daftari. Ukihamia hospitali nyingine, hizo karatasi ndizo historia yako.

Hatua ya 5: Elewa dawa za familia ya "prili" na "sartani"

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wanapoumia na ndipo pia ugonjwa unapojitangaza.

Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili ni familia moja. Losartani, valsartani, telmisartani ni nyingine. Zote zinakata ule msururu wa renini niliousimulia. Kwa presha ya mshipa wa figo ndizo zinazolenga chanzo chenyewe, na wagonjwa wengi wanazihitaji. Lakini figo iliyobanwa inatumia angiotensini hiyo hiyo kukaza vimishipa vya kutokea kwenye vichujio vyake, ili msukumo wa kuchuja usipotee. Ukiiondoa, msukumo unashuka. Kama mshipa uliobana ni mmoja na figo ya pili ni nzima, kwa kawaida ya pili inabeba mzigo. Kama mishipa yote miwili imebana, au mtu ana figo moja tu, kuchuja kunaweza kushuka ghafla.

Kwa hiyo kanuni ni hii: pima kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza, kisha rudia baada ya wiki moja hadi mbili, na kila dozi inapoongezwa. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30 kwa kawaida inavumilika, daktari ataendelea kuangalia. Ikizidi hapo, dozi inapunguzwa au dawa inasimamishwa, na swali la mshipa wa figo linapaswa kuulizwa.

Hesabu ni rahisi. Chukua kreatinini mpya, toa ya zamani, gawanya kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Mdogo wangu alianza enalaprili akiwa na kreatinini 74. Siku ya kumi na mbili ilikuwa 118. Tofauti ni 44. Ukigawanya kwa 74 unapata karibu asilimia 60. Pale tulipokuwa tulielezwa kwamba figo zimeanza kufa kwa presha na tujiandae. Nililia kwenye daladala. Kumbe lile lilikuwa jibu, lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi niliyoikunja kwenye pochi: mishipa yote miwili. Enalaprili iliposimamishwa, kreatinini ilirudi 80.

Mengine ya kujua kuhusu dawa hizi. Siku ya kuharisha, kutapika au homa inayokukausha maji, zinaweza kuziumiza figo. Muulize daktari mapema, ukiwa mzima, ni zipi usimamishe siku kama hizo na kwa muda gani. Mwanamke mwenye mimba, au anayepanga kuipata, asizitumie, kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Zipo za kubadilishia kama methildopa na nifedipini. Kikohozi kikavu kinachotokana na "prili" ni cha kawaida na kinaisha ukibadilishiwa. Midomo au ulimi kuvimba si kawaida hata kidogo: acha dawa hiyo na uende hospitali mara moja.

Amlodipini na dawa za kukojosha huongezwa kwa wengi. Aliyebanwa na mafuta anahitaji pia statini, dawa ya kushusha lehemu, mara nyingi na aspirini ndogo, na kuacha sigara kabisa. Mwenye Takayasu anahitaji prednisoloni na dawa nyingine za kutuliza kinga, chini ya daktari bingwa, na hapo presha inafuatiliwa kwa karibu zaidi kwa sababu prednisoloni yenyewe inaipandisha.

Hatua ya 6: Picha ya mshipa wenyewe

Anza na Dopla. Ni ultrasaundi inayopima kasi ya damu ndani ya mshipa, haina sindano wala mionzi. Damu inayopita penye mbano hukimbia. Kasi ya kilele inayofika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi inaashiria mbano wa maana. Nenda bila kula kwa saa sita hadi nane, kwa sababu gesi ya tumbo inaficha mishipa, na usile maharage wala soda jioni yake. Dawa za presha meza kwa maji kidogo kama ulivyoandikiwa. Dopla inategemea sana mkono wa anayeipima. Ulizia kabla ya kulipa: "Mnapima mishipa ya figo, au figo tu?" Tulilipia mara mbili kwa kutouliza swali hilo.

Dopla ikionyesha kitu, au ikishindwa kuona, kinachofuata ni CT ya mishipa, picha ya mionzi inayotengenezwa na kompyuta. Utachomwa dawa ya rangi kwenye mshipa na utasikia joto likikushuka mwili mzima kama umejikojolea. Hujajikojolea. Waambie mapema kama una aleji, kama kreatinini yako iko juu, na kama unatumia metformini, dawa ya kisukari, ambayo inaweza kuhitaji kusimamishwa. Kwa Takayasu ni bora picha ichukue aota yote na matawi yake, badala ya figo peke yake. MRI, picha ya sumaku, nayo inaonyesha mishipa, ingawa kwa figo zilizoshuka sana dawa yake ya rangi hutumiwa kwa tahadhari kubwa.

Kipimo cha katheta, cha kupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mshipa wa figo, kwa kawaida huachwa hadi pale upanuzi unapofikiriwa, ili vyote vifanyike kwa safari moja.

Hatua ya 7: Kupanua au kutopanua

Andreas Grüntzig, aliyefanya kazi Zürich, alieleza mwaka 1978 kuupanua mshipa wa figo kwa puto dogo. Ni kawaida ya mtu kufikiri: kama mshipa umebana, ufunguliwe, yaishe. Nilifikiri hivyo na mimi.

Kwa waliobanwa na mafuta, majaribio makubwa yalituonyesha vingine. ASTRAL ya mwaka 2009 ilikuwa na wagonjwa 806, na CORAL ya mwaka 2014 ilikuwa na 947. Waliowekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, hawakupona zaidi ya waliopewa dawa nzuri peke yake, kwa vifo wala kwa moyo wala kwa figo. Katika CORAL namba ya juu ya presha ilitofautiana kwa takriban mbili tu. Kwa hiyo mzazi wako wa miaka 70 akipatikana na mshipa uliobana, na presha yake inatulia kwa dawa, na kreatinini haiendi popote, usiuze shamba kumtafutia stenti. Upanuzi unabaki kufikiriwa kwa wale ambao mapafu yanajaa maji kila mara, ambao presha imekataa dawa zote, au figo zinashuka haraka na mbano uko pande zote mbili.

Kwa displasia ya fibromaskula mambo ni tofauti kabisa. Hapo puto peke yake, kwa kawaida bila stenti, linaweza kuishusha presha sana, na kwa baadhi, hasa vijana ambao presha haijakaa miaka mingi, dawa zinaachwa. Kwa Takayasu puto linasaidia, lakini uvimbe utulizwe kwanza. Mshipa ukipanuliwa ukiwa bado unawaka, hujifunga tena mapema.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini: Kilichobana ni nini? Mbano ni asilimia ngapi, upande gani? Figo ile bado ina urefu gani, inafaa kuokolewa? Hapa mmeshawafanyia wangapi mishipa ya figo? Swali la mwisho linawatia watu aibu, lakini liulize. Vyumba vya katheta vipo, kwa mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na hospitali kubwa za Nairobi, ila kazi kubwa ya vyumba hivyo ni mishipa ya moyo. Uliza kama wana mtaalamu wa mishipa ya figo, bima yako inagharamia nini, na barua ya rufaa iandikweje ili isikataliwe dirishani.

Siku yenyewe ni ganzi ya sehemu moja, mgonjwa yuko macho. Kama wamepitia kinenani, atalala mguu umenyooka kwa saa kadhaa. Akilalamika maumivu makali ya kiuno, au kinena kikivimba, mwite muuguzi hapo hapo.

Hatua ya 8: Baada ya hapo

Mdogo wangu alipanuliwa mshipa wa kulia miezi saba baada ya kuanza prednisoloni, ESR ilipokuwa imeshuka na kukaa chini. Wa kushoto haukuguswa. Dawa tano zimekuwa mbili. Anapimwa kreatinini na potasiamu kila baada ya miezi mitatu, na Dopla ilirudiwa mwezi wa sita baada ya upanuzi, kwa sababu mshipa unaweza kubana tena bila kuuma. Presha ikianza kupanda daftarini kwa wiki mbili, hatungoji tarehe.

Amerudi saluni. Anasuka ameketi siku hizi, mteja chini kwenye mkeka, ili asinyanyue mikono. Jumapili iliyopita mkono wa kulia ulisoma 126/78. Wa kushoto, 92/60, tunauandika pia. Kwenye jalada la daftari nimeandika kwa kalamu nene, kwa ajili ya muuguzi yeyote atakayemkuta nisipokuwepo: PIMA MKONO WA KULIA.